Sababu Zangu za Kutaka Osvaldo Afukuzwe Kabla ya Jumapili

Ghorofa ya tatu B,
Almagro, Buenos Aires,
Jumanne, mwezi wa tisa.

Kwa Bwana Scarpati, Msimamizi wa Jengo,

Bwana Scarpati, mtu mzima mwenye tai, unabandikaje tangazo zito namna ile juu kabisa ya kioo cha lifti, mahali anapofika twiga peke yake? Mimi ni mfupi na unalijua hilo. Mwaka wa thelathini na moja sasa naishi ghorofa ya tatu na sijarefuka. Nimepanda na kushuka mara nne nikiinua shingo kama kuku anayekunywa maji, mpaka Gauto mtunza jengo akanionea huruma akanisomea. Siku nyingine bandika chini. Sasa tuendelee, maana nina malalamiko mengi na karatasi ni mbili.

Tangazo lako linauliza: je, mbwa waondolewe katika jengo hili, ndiyo au hapana? Kila nyumba ijibu kwa barua kabla ya kesho Jumatano saa sita mchana, na ndiyo zikishinda, mbwa watoke kabla ya Jumapili. Hoja ameileta Bi Delfina wa ghorofa ya tano. Gauto, ambaye hajawahi kutunza siri wala ngazi, ameniambia kura ziko tano kwa tano, na iliyobaki ni yangu.

Vizuri. Mbwa anayelalamikiwa ni wangu, na mimi naandika kusema ndiyo, afukuzwe. Usikodoe macho, soma.

Huyo mbwa anaitwa Osvaldo. Ndiyo, Osvaldo, kama mtu mwenye kitambulisho. Si mimi niliyempa jina. Mjukuu wangu Jazmín alimtoa kwenye makao ya mbwa waliotupwa, akaniletea mwezi wa nne, akasema, "Bibi, wikendi moja tu." Jumatatu akaitwa kazini Neuquén, huko kusini, na mwenye nyumba wake wa huko hataki hata samaki wa kwenye bakuli. Kwa hiyo ufahamu kwamba ndiyo yangu ikishinda, Osvaldo anarudi alikotoka, kwenye kizimba cha saruji, na bakuli lake lenye namba. Hilo nimelifikiria. Naendelea.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwetu Corrientes, lakini namba nazijua. Nimeyapanga kwa namba ili usije ukajidai umepotea njiani.

1. Kabla ya Osvaldo nilikuwa mtu niliyejipanga. Mume wangu Evaristo alipofariki, miaka minne iliyopita, nilikaa chini nikaweka mambo yangu sawa kama mtu mwenye akili. Gauni la kuzikwa nimeshashona, la bluu, lina mifuko. Sufuria kubwa nilizigawa. Televisheni niliisogeza karibu na kitanda. Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja, na nilikuwa nangoja vizuri, bila kumsumbua mtu. Sasa kila siku saa kumi na mbili asubuhi kuna pua ya baridi ndani ya sikio langu. Nikijifunika shuka, anaivuta shuka. Nani anaweza kufa kwa utaratibu katika hali hiyo? Na sufuria ilibidi nikazidai upya, maana mifupa yake haienei kwenye kisufuria cha mjane.

2. Lifti yako hugoma kila mvua inaponyesha, basi tunatumia ngazi, kushuka na kupanda, mara tatu kwa siku. Mwezi uliopita daktari wa moyo alinisikiliza kifua, akanitazama, akasikiliza tena. "Doña Hermelinda, umeanza mazoezi?" Nikamwambia mazoezi ni ya watu wasio na vyombo vya kuosha. Akacheka, akanipunguzia kidonge kimoja, kile cha njano. Kidonge hicho nilikizoea, nilikuwa nakimeza na mkate. Sasa nimebaki na mkate.

3. Mavi. Nimelea watoto watano na nepi zao nilifua mtoni kwa mkono, maji yakiwa ya baridi ya kukata vidole. Wote wamekua, wamejenga, wameondoka, nikasema mavi basi, nimestaafu. Leo, nikiwa na miaka sabini na nane, nainama katikati ya njia mbele ya watu waliovaa suti, naokota kwa mfuko wenye harufu ya waridi. Na watu hawaoni haya! Wananisifu! "Hongera, bibi, laiti wote wangekuwa kama wewe." Watoto watano, hakuna aliyenisifu.

4. Mji wenyewe umeharibika, na hapa nitakaa kidogo.

Kwetu mbwa alikaa nje. Akiingia watu wanapokula, alitoka na ufagio mgongoni, na hakuna aliyekosana na mwenzake. Hapa kwenye kona kuna mkahawa ambao miaka yote hii nilipita nje yake nikitazama mbele, kwa sababu mwanamke akikaa peke yake mezani watu hudhani ameachwa. Osvaldo akaingia bila kuniuliza. Nikasimama mlangoni nikingoja tufukuzwe. Mhudumu, mwanamume mwenye mvi na kitambaa begani, akainama mpaka chini: "Karibu, mfalme wangu! Umechelewa leo!" Akamwekea bakuli la maji hata kabla hajauliza mimi nataka nini. Kisha ndio akaniona. "Na bibi yake atakunywa nini?"

Bibi yake! Mimi, Hermelinda Villalba, mjane wa Ojeda, nimekuwa bibi yake mbwa! Nikakaa nikaagiza kahawa ya maziwa na medialuna mbili, zile za siagi zilizopinda kama mwezi mchanga, kwa hasira. Siku hizi naagiza kwa hasira kila Jumanne na kila Ijumaa.

Duka la dawa limeweka mizani ya mbwa. Ile ya watu ina kipandio cha juu sana, basi msichana wa pale ananiambia, "Panda hii hapa, bibi, iko chini." Nimepimwa uzito baada ya mbwa, mahali pa mbwa. Duka la vitabu sikuwahi kuingia maishani mwangu, nikiogopa kuulizwa nataka kitabu gani. Sasa wana mkeka wa mbwa karibu na mlango, na Osvaldo akifika hapo hulala. Nikimngoja aamke nimeshasoma nusu ya kitabu kikubwa cha mapishi, nimesimama wima. Mwenye duka akaniletea kigoda. Kama huu si uonevu, niambie ni kitu gani.

Na jina langu limezagaa. Miaka thelathini watu wa mtaa huu waliniita "yule wa tatu B", nikatosheka. Sasa sitembei hatua kumi bila kusimamishwa. "Osvaldo, mzee wangu! Doña Hermelinda, goti linaendeleaje?" Nani aliwaambia habari za goti langu? Hata Jazmín akipiga simu Jumapili huanza, "Osvaldo hajambo?" Mimi naulizwa wa pili, kama mtu aliyeshika simu tu.

5. Heshima yangu ya mjane. Unajua lile shimo la hewa katikati ya jengo, ambalo madirisha yetu yote madogo yanapumulia humo. Bi Delfina husikiliza hapo. Katika hoja yake ameandika kwamba Osvaldo hupiga chafya mara kumi na moja kati ya chakula cha mchana na saa kumi. Kumi na moja! Mimi ninayelala naye sijawahi kuzihesabu. Sasa, wiki ya kwanza kabisa, saa ya kulala mchana, Delfina alinisikia nikisema, "Osvaldo, shuka kitandani mwangu, umenikanyaga mguu!" Na baadaye, "Osvaldo, acha kunilamba, una mdomo wa samaki!"

Akaenda kumwambia mama muuza mboga. Mimi sina habari, nimekwenda kununua vitunguu. "Shoga yangu Hermelinda!" mama mboga ananiita, amefunika mdomo kwa kitambaa. "Hongera! Na umri huo! Hebu niambie, yukoje?" Nikamjibu kama nilivyojua: "Ana nywele nyingi mno, anakula kupita kiasi, na akilala anakoroma." "Ndio walivyo wote," akasema, akanichagulia nyanya nzuri kwa mkono wake mwenyewe. Mambo yalikwenda hivyo wiki tatu mpaka siku nilipopita dukani na Osvaldo mwenyewe. Wiki tatu mtaa mzima ulinitazama kiuno. Nami nilipogundua wanachodhani, katikati ya wiki ya pili, sikusahihisha, kwa sababu nyanya zilikuwa ngumu na mimi si mwalimu wao. Delfina alipojua ni mbwa ndipo alipokasirika hasa. Angekuwa mwanamume, nadhani angenisamehe.

6. Mwezi wa saba Osvaldo alialikwa kwenye siku ya kuzaliwa. Sikia vizuri, alialikwa yeye. Kadi iliandikwa jina lake. Mwenye sherehe aliitwa Pulga, mbwa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu wa Don Anselmo, yule kinyozi mstaafu, mgane, wa mtaa wa nyuma. Kulikuwa na keki ya maini, kofia za karatasi na wimbo. Watu kumi na wanane nimewahesabu. Mimi nilipotimiza sabini walikuja sita, na mmoja alikuwa fundi wa bomba. Nilikaa mpaka sherehe ikaisha ili nione upuuzi unaishia wapi. Uliishia kwenye dansi. Don Anselmo hucheza chamamé vibaya, kama mtu anayeua mende, na ilibidi nimwoneshe, kwa sababu hiyo ngoma ni ya kwetu na siwezi kukaa nikaangalia ikichinjwa.

7. Hii niliiandika nikaifuta. Usiigeuze karatasi juani, haisomeki.

8. Nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo kubwa. Ni kuhusu mate, si ya mdomoni, ile chai yetu chungu ya majani.

Wewe ni mtu wa hapa, sikufundishi kunywa mate: kikombe kimoja, mrija mmoja, mmoja anamimina na wengine wanapokezana, kila mtu na zamu yake. Unakunywa unarudisha kimya. Huwezi kusema asante mpaka umetosheka, kwa sababu ukisema asante zamu yako imefutwa. Hata mtoto anajua.

Miaka arobaini na nane nilimimina mimi. Ninakunywa, namiminia Evaristo, anakunywa, nakunywa. Alipofariki, mkono wangu haukupelekewa habari. Nilimimina yangu nikanywa. Nikamimina yake, nikaiweka mezani mbele ya kiti chake, ikapoa, nikaimwaga kwenye sinki. Kesho yake tena. Miaka minne. Sikwambii haya ili unionee huruma, huruma yako kaa nayo. Nakwambia kwa sababu ni ushahidi.

Siku ya tatu baada ya kuletwa, Osvaldo alipanda kwenye kiti cha Evaristo. Akakaa wima, akatazama kikombe, akanitazama mimi. Nikavua slipa. Nikamwambia maneno ambayo msimamizi hawezi kuandikiwa. Nilimshusha, akapanda. Nilimshusha, akapanda. Basi tangu siku hiyo zamu ya pili siimimini, kwa sababu mbwa hanywi mate, na mtu mzima hawezi kukaa jikoni kwake akimmiminia mbwa. Kwa maneno mengine, Evaristo amenyang'anywa kiti na zamu. Andika kwenye kitabu chako: wizi.

Haikuishia hapo. Pale uwanja wa mtaa, karibu na uzio wa mbwa wanamoachiwa wacheze, Don Anselmo huja na chupa ya maji ya moto kwapani. Siku ya kwanza alininyooshea kikombe. Nikamwambia "Asante" kabla sijakigusa, ili ajue mpaka wake.

"Bibi wewe," akasema, "asante ya kabla ya kunywa haihesabiki. Kunywa kwanza, unitukane baadaye."

Nikanywa. Alikuwa ametia sukari. Sukari, Bwana Scarpati! Nikamwambia hii ni dawa ya mtoto mwenye kikohozi. "Haya, kesho mimina wewe tuone." Kesho yake nikamimina mimi, chungu, jinsi inavyotakiwa. Alikunja uso mpaka masharubu yakagusa pua, lakini alikunywa mpaka mrija ukalia, akarudisha kimya. Sasa yapata miezi mitano. Kila siku saa kumi na moja jioni, benchi la tatu, mimi ndiye ninayemimina, kwa watu saba, katikati ya mbwa tisa. Na mwenye kumimina haondoki mpaka wa mwisho atosheke. Hao watu hawatosheki! Hakuna anayesema asante! Nimekamatwa, bwana. Narudi nyumbani taa za barabarani zimeshawaka, miguu inauma, sauti imekauka kwa kubishana, na ile tamthilia yangu ya saa kumi na mbili sijui tena nani amemzaa nani.

Kwa sababu hizo zote naomba mbwa waondolewe, ndiyo, kama ulivyouliza. Lakini kumwondoa Osvaldo peke yake hakutanirudishia amani, kwa sababu nikitoka bila yeye kila mtu ataniuliza yuko wapi, na hilo swali sitaki kulijibu kwenye kila kona. Kwa hiyo, kwa kuwa wewe unajuana na watu wa ofisi, naomba na haya: mabakuli ya maji yatolewe kwenye milango yote ya mtaa, mkahawa ubandike ubao wa kukataza mbwa, na mhudumu asiite mtu mfalme bila ushahidi, mizani ya duka la dawa ipandishwe, duka la vitabu likunje mkeka na kile kigoda, daktari anirudishie kidonge cha njano, uzio wa mbwa ung'olewe, na benchi la tatu ling'olewe pamoja nao, Don Anselmo ahamishiwe ng'ambo ya mto, Uruguay, huko wanywe hiyo sukari yake. Na watu wote wa Almagro wasahau jina langu kufikia Jumatatu asubuhi. Wakishindwa, basi mimi nihamishwe niende mahali ambapo mbwa hapendwi, nikamalizie kungoja kwangu kwa heshima.

Msalimie mkeo, mwambie ule mguu auloweke kwenye maji ya chumvi, asisikilize mtu mwingine. Msalimie Gauto, mwambie ngazi hazijifagii. Wasalimie wa ghorofa ya kwanza waliopiga kura ya hapana, nitawaeleza mwenyewe. Wa ghorofa ya pili waliopiga ndiyo nisalimie pia, lakini kwa ufupi. Na Bi Delfina, mwambie nimepata salamu zake kupitia shimo la hewa.

Ni mimi nisiyeomba radhi,
Hermelinda Villalba, mjane wa Ojeda.

Baada ya sahihi: Barua hii nimeisoma kwa sauti jikoni, kama alivyotufundisha mwalimu wa darasa la tatu, ili masikio yakamate makosa ambayo macho yameyapita. Osvaldo alikuwa kwenye kiti. Mpaka namba sita alisikiliza vizuri, sikio moja juu. Nilipofika ya saba nikaisoma pia, kwa sababu niliifuta lakini sikuisahau. Ilisema hivi: daktari wa wanyama amemtazama meno akasema ana miaka kumi, pengine kumi na moja. Mimi nina sabini na nane. Hesabu hiyo hata mtu wa darasa la tatu anaiweza. Ama atanizika yeye ama nitamzika mimi, na mimi kuzika tena sitaki. Ndiyo yote. Hayo mengine, ya mavi na kidonge, ni kelele za kujaza karatasi.

Nilipomaliza, Osvaldo akashuka kwenye kiti mwenyewe. Sikumwonesha slipa. Akaenda mlangoni akalala juu ya kamba yake. Labda alitaka tu kukojoa, maana ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Lakini mimi nilibaki na meza, kikombe, na kile kiti kitupu. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukanyanyua birika ukamimina ya pili. Nikaiangalia ikipoa. Nikaimwaga. Nikachukua kalamu.

Basi ile ndiyo ya kule juu ifute. Andika HAPANA, kwa wino, herufi kubwa, ghorofa ya tatu B, na ujumlishe mbele ya Gauto: hapana sita, ndiyo tano. Matokeo yabandike chini, usawa wa kifua changu. Kidonge daktari abaki nacho. Benchi lisiguswe. Don Anselmo asihamie popote, bado hajajua kucheza.

Gauto anakuletea barua hii sasa hivi, nami natoka na mbwa. Bado hatujamaliza habari ya Delfina. Mtu anayehesabu chafya za mbwa wa jirani hasumbuliwi na kelele, Bwana Scarpati. Anaumwa kimya. Ugonjwa huo naujua, nimeuugua miaka minne. Kwa hiyo kesho ukishahesabu kura, panda ghorofa ya tano kwa miguu yako, usimtume mtu, umwambie ashuke uwanjani saa kumi na moja, benchi la tatu, aje na biskuti zisizo na sukari. Kikombe kikimfikia anywe, akirudishe, na asithubutu kusema asante mpaka nimwambie mimi.